Mkaguzi anasema kabati lenye matundu nalo ni “chumba kilichofungwa”: nikate rufaa?

*“Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi mchundo, mzaliwa wa Mwanza, sasa naishi Minnesota. Nimebuni kikaushio cha dagaa kinachotumia joto la jua. Niliomba hataza (patent, hati ya kumiliki uvumbuzi) hapa Marekani, mwanzoni kupitia wakala, kisha fedha ikakata nikaendelea mwenyewe. Dai langu la 1 linasema kikaushio kina ‘chumba kilichofungwa’ chenye trei, bomba la kuingiza hewa ya moto na bomba la kutoa mvuke. Mkaguzi amekataa mara mbili, na hii ya pili ameiita kukataa kwa mwisho. Ameleta hataza ya zamani ya kabati la kukaushia matunda. Kuta zake mbili zina matundu ya hewa kuanzia chini hadi juu, lakini anasema ni ‘chumba kilichofungwa’ kwa sababu lina mlango, na mlango ukirudishwa limefungwa! Nilimwandikia kwamba mimi nilimaanisha chumba kisichopitisha hewa kabisa, nikamwekea na maana ya kamusi. Akajibu kwamba anatumia ‘tafsiri pana’ na kwamba dai halisemi nilivyomaanisha. Barua ina wiki sita sasa. Nataka kukata rufaa. Je, Bodi itanisikiliza mimi niliyebuni au itamfuata mkaguzi? Na ni kweli sheria inamruhusu kuchukua maana yoyote anayotaka?”*

Marahaba, mdogo wangu. Kwa kuwa uliambatanisha jalada, nimesoma madai yako yote, yaani vile vifungu vinavyochora mipaka ya unachotaka kumiliki, maelezo uliyowasilisha na barua zote mbili za mkaguzi. Swali lako la mwisho ndilo rahisi, kwa hiyo nalitangulia: hapana, sheria haimruhusu kuchukua maana yoyote anayotaka. Lile la kwanza halitakupendeza. Bodi, yaani majaji wa Ofisi ya Hataza wanaosikiliza rufaa, haitamfuata mkaguzi eti kwa sababu ni mkaguzi, lakini haitakufuata wewe eti kwa sababu ndiye uliyebuni. Itasoma karatasi uliyowasilisha siku ya kwanza, na utakachosema leo kitakuwa na uzito pale tu karatasi hiyo itakapokuunga mkono.

Tuanze na neno lenyewe, maana umeandika kana kwamba lina maana moja na mkaguzi analipotosha kwa makusudi. Dai lako liko kwa Kiingereza, lakini neno ulilotumia lina tabia ileile ya “funga” letu. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga Ramadhani, tunafunga ndoa, tunafunga bao, na hakuna anayechanganyikiwa kwa sababu maneno jirani yanatuambia ni kufunga kupi. Hata ukibaki kwenye milango na vifuniko, duka “lililofungwa” upepo unapita dirishani kwenye wavu, ilhali chupa ya soda “iliyofungwa” haitoi hata povu. Mkaguzi ameshika maana ya duka, wewe umeshika maana ya chupa. Zote ni maana halali. Kinachogombaniwa ni ipi kati ya hizo, au ipi nyingine iliyo katikati, inayotoka kwenye maandishi yako.

Sasa hiyo “tafsiri pana”. Amekunukulia nusu ya kanuni. Kanuni nzima inasema kwamba wakati wa ukaguzi, maneno ya dai yanapewa maana pana kuliko zote iliyo ya busara, inayopatana na maelezo ya uvumbuzi, kwa jinsi ambavyo mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani hiyo angeyasoma. Hesabu vizuizi vilivyomo: busara, kupatana na maelezo, na macho ya fundi wa fani. Mkaguzi anayesimama kwenye neno “pana” na kuviruka hivyo vitatu amekosea kisheria, na kosa la namna hiyo ndilo linaloshinda rufaa.

Kwa nini lakini wakupe maana pana, wakati wewe unaomba nyembamba? Kwa sababu kwa sasa kalamu bado iko mkononi mwako. Unaweza kubadili dai. Hataza ikishatolewa, dai linakuwa uzio ambao kila mtengenezaji wa vikaushio Marekani anatakiwa kujua umepita wapi, na ofisi inaona ni heri kukubana sasa uchomoe neno lenye utata kuliko kumwachia jirani yako aligundue akiwa mahakamani. Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, ile ya Washington inayosikiliza kesi za hataza, ilieleza sababu hii katika kesi ya Zletz mwaka 1989, na kabla yake ilikuwa imeshaelezwa na mahakama iliyoitangulia. Hataza ikishatoka, kipimo ni kingine. Mahakama husoma neno kwa maana yake ya kawaida kwa fundi wa fani, ndani ya hataza nzima, kama ilivyowekwa mwaka 2005 katika kesi ya Phillips, iliyohusu paneli za chuma za kujengea kuta za magereza. Usije ukachanganywa na makala zinazosema Bodi iliacha tafsiri pana. Iliiacha kuanzia tarehe 13 Novemba 2018 kwa mashauri ambayo mtu mwingine anapinga hataza iliyokwisha kutolewa. Kwa mwombaji kama wewe, ambaye bado anabishana na mkaguzi, tafsiri pana ipo palepale.

Hoja yako kubwa katika barua yako kwa mkaguzi ilikuwa “nilimaanisha”. Umeliandika neno hilo mara saba, nimehesabu. Naelewa uchungu wake, kwa sababu kifaa ni chako na hakuna anayekijua kukushinda. Lakini nikusimulie kilichompata Herbert Markman. Alikuwa na hataza ya mfumo wa kufuatilia nguo katika duka la dobi, ili shati la mteja lisipotee kati ya kupokewa na kupigwa pasi. Akaishtaki kampuni ya Westview, ambayo mashine yake ilitunza hesabu za ankara tu, bila kufuatilia nguo zenyewe. Kesi yote ikaning’inia kwenye neno moja katika dai, neno la “orodha ya mali iliyopo”. Je, lazima mali hiyo iwe nguo, au hata fedha na ankara zinatosha? Markman mwenyewe alipanda kizimbani akaeleza maana ya neno lake, na baraza la wazee wa mahakama likamkubali. Jaji akautengua uamuzi wao: neno lile lilijumuisha nguo. Mwaka 1996 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kauli moja, ikasema maana ya maneno ya hataza ni kazi ya jaji. Ushahidi wa mvumbuzi juu ya alichokuwa nacho moyoni haukumwokoa. Ndivyo ilivyo hadi leo, mahakamani na kwenye Bodi.

Kamusi nayo haina nguvu uliyoitegemea. Palikuwa na kipindi kifupi, kuanzia mwaka 2002, ambapo mahakama ilielekea kuanza na kamusi kisha ndiyo iende kwenye maelezo. Phillips ikaugeuza mpangilio huo: maelezo kwanza, kamusi ni msaidizi. Tena kamusi uliyompelekea mkaguzi inaorodhesha maana tano, na ya kwanza ni yake!

Basi tufungue karatasi yako, tusome kama Bodi itakavyosoma.

Dai la 1 lenyewe linataja chumba, trei, bomba la kuingiza na bomba la kutoa. Hapo hapo maana uliyoing’ang’ania inaanza kupasuka. Chumba chenye bomba la kuingiza hewa na bomba la kutoa mvuke hakiwezi kuwa chumba “kisichopitisha hewa kabisa”. Kinapitisha, na ndiyo kazi yake. Mkaguzi hajakwambia hilo, lakini majaji watatu wa Bodi wataliona kabla hawajamaliza ukurasa wako wa kwanza, na ukishaonekana unaomba maana ambayo dai lako lenyewe linaikanusha, hata hoja zako nzuri zitasomwa kwa jicho la mashaka.

Sasa dai la 4. Linasema: kikaushio cha dai la 1, ambapo mlango wa chumba umezungushiwa mpira usiopitisha hewa. Hili aliliandika wakala wako, na aliliandika vizuri, lakini leo ni shahidi dhidi yako. Kama “kilichofungwa” katika dai la 1 tayari kingekuwa na maana ya kuzibwa kwa mpira, dai la 4 lisingeongeza kitu. Wasomaji wa hataza huchukulia kwamba dai tegemezi linaongeza jambo ambalo dai la msingi halikulidai. Dhana hiyo inaweza kupinduliwa, lakini wewe huna cha kuipindulia.

Usikate tamaa, kwa sababu maelezo yako yanakubeba vizuri kuliko ulivyojua. Katika sehemu ya utangulizi umeandika kwamba vikaushio vya kabati vyenye matundu ya pembeni hupoteza joto kabla halijafika trei za juu, na huingiza nzi na mchanga. Sentensi hiyo ni dhahabu, na katika majibu yako yote mawili hukuitaja hata mara moja. Baadaye unaeleza kwamba hewa yote ya moto hulazimika kupita kwenye trei moja hadi nyingine kabla ya kutoka juu. Michoro yako yote minne ina kuta zisizo na matundu. Weka hayo pamoja na utapata maana ya tatu: chumba ambacho kuta zake hazina njia ya hewa, na hewa huingia na kutoka kwa mabomba mawili tu. Maana hiyo haihitaji mpira, kwa hiyo haigombani na dai la 4. Haihitaji chumba kisichopitisha hewa, kwa hiyo haigombani na mabomba. Lakini inaliweka nje kabati la mkaguzi, ambalo matundu yake yanamwaga hewa pembeni kila hatua.

Hiyo ndiyo maana ya kuombea rufaa, kama utakata. Omba maana inayotosha kuliepuka kabati lile, usiombe zaidi ya hapo.

Je, Bodi inaweza kuikubali? Kuna kesi zinazokupa mwanga, na iko moja ya kukutia adabu. Mwaka 2012, katika kesi ya Abbott Diabetes Care, ofisi ilisema “kitambuzi cha kielektrokemia” cha kupimia sukari kingeweza kujumuisha nyaya za nje. Hakuna mahali mwenye hataza alipoandika waziwazi “bila nyaya”. Mahakama ya Rufaa ikakataa tafsiri ya ofisi, kwa sababu maelezo yaliziponda nyaya za nje na kila mfano ulioonyeshwa haukuwa nazo. Ona jinsi inavyofanana na matundu yako. Kisha mwaka 2017 ikaja kesi ya Smith International, ya kifaa cha kuchimbia visima vya mafuta. Bodi ilisema neno “mwili” wa kifaa ni pana, linaweza kuingiza na vipuri vingine, kwa kuwa maelezo hayakukataza. Mahakama ikaikosoa vikali: haiulizwi kama maelezo yamekataza maana pana, inaulizwa kama maana hiyo inalingana na jinsi mvumbuzi alivyokieleza kitu chake. Mkaguzi wako ameandika karibu neno kwa neno kosa lilelile: “maelezo hayazuii chumba kuwa na matundu.” Sentensi hiyo ndiyo ya kuanzia hoja yako.

Kesi ya kukutia adabu ni ya Bigio, mwaka 2004. Mwombaji aliandika “brashi ya nywele”, mkaguzi akaleta miswaki. Utacheka, lakini mwombaji alishindwa. Maelezo yake hayakuibana brashi kwa nywele za kichwani, kwa hiyo ikasomwa kwa upana hadi brashi za nywele za usoni, na kutoka hapo mswaki ukaonekana ni ndugu wa karibu kwa umbo. Jaji mmoja alipinga, lakini kura ni kura. Tofauti kati ya Bigio na Abbott haikuwa ufasaha wa wakili. Ni kwamba maelezo ya Abbott yalikuwa yamesema jambo, na ya Bigio yalinyamaza. Ya kwako yamesema, ingawa si kwa sauti kubwa kama ningependa. Tena mwishoni mwa maelezo yako kuna aya ile ambayo mawakala huibandika kila mahali, kwamba mifano iliyotajwa isichukuliwe kuwa mipaka. Bodi haiipi uzito mkubwa, ila mkaguzi ataitaja, nawe uwe na jibu.

Nikipima yote, nakuona una hoja ya kweli mbele ya Bodi, bora kuliko nyingi ninazoletewa. Na bado, kama ungekuwa umekaa mbele yangu hapa, ningekushauri usikate rufaa kwanza. Nieleze kwa nini.

Rufaa ni njia ya mtu ambaye hawezi kubadili dai bila kupoteza kitu anachokihitaji. Wewe unaomba Bodi ikubali kwamba neno lako lina maana nyembamba. Hutaki dai pana. Kikaushio chenye matundu pembeni hukitaki, umekiponda mwenyewe. Kama ndivyo, kwa nini ungoje miezi mingi kuambiwa neno lina maana hiyo wakati unaweza kuiandika maana hiyo ndani ya dai wiki ijayo? Najua hofu yako, umeigusa katika barua yako kwa mkaguzi: ukibadili dai, washindani watasema umejipunguzia haki. Ni kweli, kwa sehemu. Tangu uamuzi wa Festo wa mwaka 2002, mwombaji aliyebana dai lake ili apate hataza anachukuliwa kuwa ameachia vile vinavyokaribiana na alichokiacha, mpaka athibitishe vingine. Lakini usidhani rufaa inakulinda na hilo. Ukiiambia Bodi kwamba “kilichofungwa” maana yake ni kuta zisizo na matundu, maneno hayo yanaingia kwenye jalada, jalada liko wazi kwa umma, na siku utakapomshtaki mtu anayeuza kikaushio chenye matundu mawili madogo, wakili wake atakusomea andiko lako mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki. Neno haliwezi kuwa jembamba mbele ya Bodi na pana mbele ya mshindani.

Kuna kesi ya zamani sana ninayoipenda kwa sababu inahusu vyakula vya majini kama hivi vyako, ya White dhidi ya Dunbar, mwaka 1886, juu ya njia ya kuhifadhi kamba ndani ya makopo. Mahakama Kuu ilisema watu wengine hudhani dai la hataza ni kama pua ya nta, unaipinda upande wowote kwa kuyataja maelezo. Ikakataa. Mpaka leo mawakili wa hataza Marekani husema “pua ya nta” wanapomwona mtu anayetaka kula huku na huku.

Kwa hiyo pendekezo langu: omba kwanza kikao cha simu na mkaguzi. Hakina ada, na wakaguzi wengi ni watu wa kuongea nao ukija na maneno ya dai mkononi badala ya malalamiko. Mpelekee rasimu. Hapa uwe mwangalifu, maana nimeona katika barua yako umejaribu kuandika “chumba kisicho na uwazi wowote isipokuwa mabomba mawili”. Trei zako zinaingia wapi, mdogo wangu? Una mlango. Mlango ni uwazi. Dai hilo lingekitupa nje kikaushio chako mwenyewe, na mshindani angekinakili chote huku akisema chake kina mlango. Andika badala yake kitu cha mtindo huu: chumba chenye kuta na mlango, ambacho, mlango ukiwa umefungwa wakati wa kukausha, kuta zake hazina matundu ya kupitisha hewa, na hewa huingia na kutoka kupitia bomba la kuingizia na bomba la kutolea. Huo ni mfano wa kuongea nao, usiunakili ukauwasilisha. Kila neno lake lazima lionekane limetoka kwenye maelezo yako ya awali, kwa sababu huruhusiwi kuongeza jambo jipya sasa.

Baada ya kukataa kwa mwisho, mkaguzi ana hiari ya kukataa kuyapokea mabadiliko. Akiyakataa, unalipa ada ya kuomba ukaguzi uendelee, na hapo analazimika kuyasoma. Ukiwa huko, tumia nafasi kuweka na ushahidi ambao sasa huna: hati ya kiapo ya mtu mwingine, si wewe, anayetengeneza vikaushio vya chakula, akieleza jinsi mafundi wa fani hiyo wanavyoelewa chumba kilichofungwa na kinachotokea kwa hewa ya moto katika kabati lenye matundu. Hili la ushahidi watu wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Ukishawasilisha taarifa ya rufaa, mlango wa ushahidi mpya unabaki upenyo tu. Ukishawasilisha andiko la rufaa, umefungwa, na hapo ni kufungwa kwa chupa. Kila unachotaka Bodi ikione lazima kiwe ndani ya jalada kabla.

Ikiwa baada ya yote hayo mkaguzi bado anang’ang’ania kwamba kuta zenye matundu ni kuta zisizo na matundu, kata rufaa kwa moyo mweupe. Dai lako lilishakataliwa mara mbili, kwa hiyo haki hiyo unayo. Pamoja na taarifa ya rufaa unaweza kuambatanisha ombi fupi, lisilozidi kurasa tano, ili jopo la wakaguzi lipitie kesi kabla hujaandika andiko kamili. Mara nyingine kosa la wazi hufia hapo na gharama inaishia hapo. Lisipofia, una miezi miwili tangu taarifa kuwasilisha andiko, na unaweza kuongezewa muda kwa kulipia. Mkaguzi atajibu, nawe una miezi miwili ya kujibu jibu lake. Hoja ambayo hukuiweka kwenye andiko la kwanza usitegemee kuichomekea kwenye la pili. Bodi hupitia yale uliyolalamikia, na uliyoyaacha inahesabu umeyaachia. Vilevile Bodi inaweza kukuletea sababu mpya ya kukataa ambayo mkaguzi hakuiona, kwa mfano kwamba neno lako lina maana mbili zinazokubalika sawasawa na hivyo halieleweki. Hiyo ni hatari nyingine ya kubishania neno moja kwa kurasa thelathini.

Ukishindwa kwa Bodi, kuna Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, na una siku 63 tangu uamuzi. Mahakama hiyo husoma maana ya dai upya kama suala la sheria, lakini yale ya ukweli yaliyothibitishwa kwa ushahidi, kama vile mafundi wanavyolielewa neno, haiyagusi kirahisi. Ni sababu nyingine ya kuitafuta ile hati ya kiapo mapema. Gharama za huko, kusema kweli, sioni kikaushio cha dagaa kikizirudisha.

Umenidokeza pia kwamba kaka yako anataka kukitengeneza Mwanza na unahofia mkaguzi wa Minnesota “atamzuia”. Ofisi ya Hataza yenyewe iko Virginia, na ukikubaliwa au ukikataliwa, hataza ya Marekani inaishia mipakani mwa Marekani. Haimzuii kaka yako na haimlindi. Kama hukuomba Tanzania, moja kwa moja au kupitia ARIPO, shirika la hataza la kikanda lililoko Harare, ndani ya miezi 12 tangu ombi lako la kwanza la Marekani, kwa kawaida nafasi ya kutumia tarehe ile ya kwanza imekwisha, na ombi lako la Marekani likishachapishwa linahesabika kama jambo linalojulikana tayari. Hilo nalo litazame na mtu wa huko.

Hapa ndipo ninapokuomba usiendelee peke yako. Kuandika barua kwa mkaguzi mtu anaweza kujifunza. Andiko la rufaa na maneno mapya ya dai yanahitaji mtu aliyesajiliwa kufanya kazi mbele ya Ofisi ya Hataza, aketi nawe, na uwe umemletea kikaushio chenyewe au hata picha za mlango na mabomba. Hakikisha jina lake limo kwenye rejista ya ofisi hiyo, ambayo iko wazi kwa kila mtu, na ukimbie kampuni yoyote inayokuahidi “kuuza wazo lako” kwa malipo ya mbele. Kama fedha ndiyo iliyokutenga na wakala wa kwanza, kuna mpango wa hataza wa mawakili wa kujitolea unaoratibiwa na Ofisi ya Hataza, na kuna kliniki za vyuo vya sheria ambazo wanafunzi wake wanaruhusiwa kukuwakilisha chini ya mwalimu. Uliza pia kama unastahili punguzo la waombaji wadogo: ni asilimia 60 ya ada nyingi, na asilimia 80 kwa wenye kipato cha chini wanaotimiza masharti, rufaa ikiwemo.

Yote hayo yafanye ukiwa umetazama tarehe iliyo juu ya barua, usitazame siku uliyoifungua. Una miezi mitatu tangu tarehe hiyo kabla ada za kuchelewa hazijaanza, na ukifika mwezi wa sita bila jibu linalokubalika wala taarifa ya rufaa, ombi linahesabika limetelekezwa. Wiki sita zimekwenda. Piga simu ya mkaguzi wiki hii, na ukiwa naye kwenye laini mwombe akuoneshe ni ukurasa gani wa maelezo yako unaomfanya aamini kwamba kabati lenye matundu ni chumba chako.